Mayai yenye harufu ya ziwa: kisa cha banda moja la Mwandiga

Trei ilirudi ikiwa na mayai 22. Yale manane mengine kijana wa chipsi pale Mwanga alikuwa ameshayavunja kikaangoni, na mawili kati yake yalimfukuzia wateja. Hakugomba. Alimwambia shemeji yangu kwa upole tu, "Mama, mayai ya safari hii yana harufu ya ziwa," akamkabidhi trei yake, akavuka barabara kwenda kununua kwa mwingine.

Shemeji anafugia Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini. Wakati huo, Julai 2024, alikuwa na kuku 190 wa mayai, wale wekundu wanaotaga mayai ya kahawia, walioingia bandani wakiwa vifaranga Mei ya mwaka uliotangulia. Alinipigia jioni ileile: "Shemeji, wewe si ndiye fundi wa chakula cha kuku? Basi njoo unuse." Kazi ya kuchanganya chakula cha mifugo nimeifanya miaka mingi, na nimeitwa kuangalia kuku wanaokufa, wasiotaga, wanaodonoana mpaka damu. Kuitwa kunusa ilikuwa mara ya kwanza.

Nilipofika nikakuta harufu si tatizo pekee, ila ndilo lililomtia aibu. Mengine mawili alikuwa ameyazoea. Maganda yalikuwa yanapasuka: kwa siku alikuwa akiokota mayai kama 140, na 12 hivi hayafiki sokoni kwa sababu ya nyufa. Halafu viini vilikuwa vimepauka. Mama mmoja anayeoka keki alishamlalamikia tangu Juni kwamba keki zinatoka nyeupe kama zimeokwa kwa maji. Kila lalamiko shemeji alikuwa amelitafutia dawa yake. Kwa maganda aliongeza kiganja cha chokaa ya unga juu ya chakula. Kwa viini akamimina mawese kwenye mchanganyiko, kikombe kwa kila gunia. Kwa afya ya jumla akanunua pakiti ya vitamini dukani. Harufu ndiyo ilikuwa haijapata dawa, kwa hiyo nikaitwa mimi.

Niliomba kuona fomula. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kadibodi, imening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Kwa kilo 100: mahindi 42, pumba 20, mashudu ya alizeti 8, dagaa 20, unga wa mifupa 5, chokaa 4, chumvi nusu kilo, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo. Macho yangu yaligota kwenye dagaa. Ishirini! Nikaangalia vizuri, nikaona namba ya zamani chini yake imekatwa kwa mstari: ilikuwa 10. Na alizeti, palipoandikwa 8, palikuwa na 18.

Mabadiliko hayo yana historia, na bila historia hiyo mtu atadhani shemeji alikuwa mzembe. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Habari za kufungwa zilitangulia. Kila mwenye banda Kigoma alijua kwamba dagaa wataadimika, naye shemeji akafanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya: alikwenda mwalo wa Kibirizi, soko la dagaa kando ya ziwa, mwezi Aprili na mwanzoni mwa Mei, akanunua magunia tisa ya dagaa wa kuku. Dagaa wa kuku, kwa asiyejua, ni wale ambao binadamu amewakataa: waliovunjika, walioanikwa chini mchangani badala ya kwenye vichanja, au walionyeshewa. Na Aprili mvua za Kigoma bado zipo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, asubuhi wanaanikwa, mawingu yakishuka saa nane mchana wamelowa. Wakikauka tena siku ya pili kwa macho wanaonekana wazima. Pua inajua zaidi.

Basi magunia tisa yakaingia stoo. Huku nyuma mashudu ya alizeti, yanayotoka mbali kwa gari, yakapanda bei. Shemeji akatazama stoo yake, akaona protini imejaa mpaka darini, akapunguza cha kununua akaongeza kilichopo. Hesabu yake ya protini haikuwa mbaya hata kidogo. Nilipoijumlisha kichwani ilinipa zaidi ya asilimia 18, wakati kuku anayetaga anaridhika na 16 au 17. Alikuwa anawalisha vizuri kupita kiasi, kwa kitu kimoja.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa rahisi na haikuwa sahihi. Trei za mayai zilikuwa zikipangwa stoo ileile yenye dagaa. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na yai hunyonya harufu. Weka karibu na mafuta ya taa au vitunguu utaamini. Nikamwambia ahamishie mayai sebuleni, tukangoja wiki moja. Tukachemsha mayai 20 mapya, tukamenya yakiwa moto (harufu hujitokeza kiini kikiwa cha moto, kikipoa hujificha), tukanusa moja moja. Manne yalinuka dagaa. Kumi na sita hayakuwa na neno.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kunivutia. Kama kosa lingekuwa la stoo, mayai yote yangenuka, angalau kidogo. Kama kosa lingekuwa la chakula peke yake, vilevile, kwa maana kuku wote wanakula kihori kimoja. Kwa nini manne tu?

Jibu liko kwenye ini la kuku. Dagaa, kama vyakula vingine vyenye kolini nyingi (kirutubisho cha jamii ya vitamini), wakifika sehemu ya chini ya utumbo bakteria huvivunja na kutoa kitu kinachoitwa trimethilamini. Ndiyo harufu yenyewe ya samaki aliyelala. Dagaa walioanza kuharibika huja nayo tayari kutoka kwenye gunia. Kuku wa kawaida haimsumbui: ini lake lina kimeng'enya kinachoigeuza kuwa kitu kisicho na harufu, kikatoka na kinyesi. Ila katika baadhi ya kuku wa mayai ya kahawia kuna kasoro ya kurithi, na mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa iko kwenye jeni iitwayo FMO3. Kuku mwenye kasoro hiyo kimeng'enya chake ni dhaifu. Trimethilamini ikija kidogo, anaimudu. Ikija nyingi, inamzidi, inaingia kwenye damu na kutoka damuni inakwenda kwenye kiini kinachokua. Hata binadamu wachache huzaliwa na kasoro ya jeni hilohilo, na jasho lao hunuka samaki. Wengine husingiziwa uchafu maisha yao yote. Kampuni zinazozalisha mbegu za kuku zimekuwa zikiiondoa kasoro hiyo kwenye koo zao, lakini kifaranga anapofika Kigoma kwa treni au basi hakuna anayekuambia wazazi wake walipimwa au la.

Kwa hiyo mayai manne katika ishirini yalikuwa na maana: kuku wachache dhaifu, na chakula kilichowazidi. Nilikuwa karibu na uhakika, ila niliwahi kuaibika kwa kuwa na uhakika mapema. Tukagawa banda katikati kwa waya wa kuku, 95 huku na 95 kule. Upande wa mlangoni waliendelea na chakula cha zamani. Upande wa dirishani dagaa waliondolewa kabisa, nafasi yao ikachukuliwa na soya iliyokaangwa pamoja na alizeti. Soya lazima ikaangwe. Ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyomfanya kuku ashindwe kumeng'enya protini, na nimeona mtu akilaumu mbegu ya kuku kumbe soya yake haikuona moto. Mayai ya pande zote mbili yalilala chumba kimoja, kusudi hoja ya stoo ife.

Kiini hakijengwi kwa siku moja. Kinapakwa tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa hujengwa katika siku kama kumi za mwisho kabla ya yai kutoka. Ukibadilisha chakula leo, yai la keshokutwa bado ni la chakula cha zamani. Nilimkataza shemeji kunusa chochote kabla ya wiki mbili. Siku ya kumi na nne tulichemsha mayai 20 ya kila upande, tukayatia alama ndogo ya penseli, tukawaita watoto wa nyumba ile wanuse bila kujua lipi ni lipi. Watoto ni wakweli, na wanafurahia sana kusema kitu kinanuka. Upande wa mlangoni walikataa matano. Upande wa dirishani hawakukataa hata moja.

Nisieleweke vibaya: sisemi dagaa wa Tanganyika ni wabaya. Samaki wa bahari kwa kawaida ana malighafi nyingi zaidi ya harufu hiyo kuliko samaki wa maji baridi, na dagaa safi, wakavu, wasiozidi kilo 5 katika 100, ni chakula bora kwa kuku wa mayai. Kosa lilikuwa kiasi, na umri wa dagaa wenyewe. Nilichota kilo moja kutoka gunia la chini, nikaitia kwenye ndoo ya maji na kukoroga. Dagaa wakaelea, mchanga ukazama. Mchanga ulipokauka ulikuwa gramu 180. Karibu sehemu ya tano ya fedha yake alikuwa amenunua ufuko wa Kibirizi. Dagaa waliobaki walikuwa na rangi ya kutu, na mafuta yao yameshachacha.

Sasa maganda. Hapa watu wengi wangesema chokaa haitoshi, na wangekuwa sahihi nusu. Ganda moja lina gramu 2 na ushei za kalsiamu. Mifupa yote ya kuku ina kama gramu 20. Maana yake kila anapotaga anatoa kitu sawa na sehemu ya kumi ya mifupa yake, na asiporudishiwa kwa chakula anaikopa kutoka mwilini. Anahitaji gramu 4 hivi kwa siku. Fomula ya kadibodi ilikuwa inampa kama gramu 3.9 akila gramu 115, pungufu kidogo tu. Upungufu mdogo namna hiyo hauelezi mayai 12 kupasuka.

Nilichokiona mimi ni vitu viwili vilivyojificha. Dagaa 20 na unga wa mifupa 5 vimejaa fosforasi. Kuku anaihitaji, ila ikizidi damuni inazuia kalsiamu ya mifupani isitoke kwenda kujenga ganda. Kwa hiyo shemeji alipoongeza dagaa alikuwa, bila kujua, anafunga bomba ambalo kuku hutegemea usiku. Na usiku ndio wenye kesi. Ganda huchukua kama saa 20 kujengwa, na kazi kubwa hufanyika giza likiwa limeingia, kuku yuko kwenye fito, hali kitu. Chokaa ya unga aliyokula asubuhi imeshapita na kutoka. Chokaa ya chembechembe, ukubwa wa punje ya mtama, hubaki kwenye firigisi ikiyeyuka taratibu mpaka alfajiri. Kile kiganja cha unga alichokuwa anaongeza kilikuwa kinaishia kwenye maranda.

Tukachekecha chokaa kwa chekeche: laini ikachanganywa kwenye chakula, chembe zikawekwa pembeni na kutolewa saa kumi alasiri. Siku ambazo chembe hazikutosha tulitumia makombe ya konokono yanayosukumwa na mawimbi pwani, yakasagwa kwa mchi. Maganda ya mayai ya kijana wa chipsi nayo yanafaa, ila yachomwe kwanza motoni, usirudishe ugonjwa bandani. Umri una sehemu yake pia. Kuku wa wiki 60 hutaga yai kubwa kwa kiasi kilekile cha ganda, kwa hiyo ganda huwa jembamba. Na joto la mchana: kuku akihema sana hupoteza hewa ya ukaa, na hiyo ndiyo inayohitajika kutengeneza ganda. Bati la banda lile halikuwa na dari. Tulitandika makuti juu, tukasogeza ndoo za maji kivulini. Hayo hayahitaji maneno mengi.

Viini vilinifurahisha zaidi, kwa sababu ya mawese. Kigoma ni nyumbani kwa michikichi, na hakuna atakayekubali kirahisi kwamba mafuta mekundu namna ile hayapaki kiini rangi. Shemeji alikuwa na kikombe kizima cha ushahidi. Tatizo ni kwamba wekundu wa mawese ni karotini, na kuku akiipata karotini anaigeuza vitamini A. Kidogo sana hufika kwenye kiini kama rangi. Rangi ya kiini inatoka kwa ndugu wa karotini wanaoitwa zanthofili, ambao wako kwenye majani mabichi na kwenye mahindi ya njano. Mahindi yetu ni meupe. Wazee wanakumbuka unga wa njano wa miaka ya shida, ule uliobandikwa jina la Yanga, na kumbukumbu hiyo si tamu. Mkulima wa Kasulu hatapanda mahindi ya njano kwa ajili ya kiini cha yai la Mwandiga. Yanabaki majani. Masika kuku wale walikuwa wanatolewa nje jioni na kula nyasi. Juni nyasi zikakauka, viini navyo vikapauka. Ukiweka tarehe ya lalamiko la mama wa keki karibu na tarehe ya mvua ya mwisho, huhitaji fundi.

Tulianza kukausha kisamvu kivulini, kikiwa kimekatwakatwa vizuri ili sumu yake ipungue, na kusaga kilo 2 kwa kila 100. Jioni mafungu ya mchicha na majani ya viazi yalifungwa kwa kamba yakaning'inizwa bandani, kuku wakaruka kuyadonoa. Wakawa na shughuli, wakaacha hata kudonoana mikia. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili rangi ikabadilika. Kilishe kiini kilichopauka hakina upungufu wa protini, na nilimwambia hivyo, lakini mteja ananunua kwa macho na sioni kosa lake.

Lalamiko la nne liliibuka katikati, kwamba ute unatapanyika kama maji. Hilo nililiondoa kwenye meza ya chakula palepale. Wataalamu hupima urefu wa ute kwa kipimo cha Haugh, shemeji hupima kwa sahani, na sahani yake ilikuwa inapokea mayai yaliyokaa siku tisa chini ya bati. Yai likikaa kwenye joto, ute huchoka. Alianza kupeleka sokoni mara tatu kwa wiki badala ya moja.

Jirani yake, mfugaji mzoefu, alikuwa na ushauri: aache soya ghali, achukue mashudu ya pamba kutoka Shinyanga, bei nusu. Nilibisha sana. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, na yai la kuku aliyeyala kwa wingi hutoka zuri tu siku ya kwanza. Likihifadhiwa, kiini kinageuka rangi ya zeituni, na mafuta ya mbegu hizo yanaweza kuufanya ute uwe na wekundu. Fikiria mama wa keki anavunja yai la kijani. Tungekuwa tumetoka harufuni tukaingia rangini.

Kadibodi mpya iliandikwa mwishoni mwa Julai: mahindi 46, pumba 10, alizeti 14, soya iliyokaangwa 12, dagaa 5 waliooshwa na kuanikwa upya, majani makavu 2, chokaa 9 (zaidi ya nusu chembechembe, ile ya alasiri ikihesabiwa humo), mifupa kilo moja na nusu, chumvi ya Uvinza robo kilo, premiksi robo. Dagaa hao 5 walinunuliwa upya, tena kidogo, kwa bei ya ziwa lililofungwa. Kilo ya chakula ilipanda, na shemeji alinung'unika kila alipochanganya. Baada ya wiki tatu mayai yenye nyufa yalishuka kutoka 12 hadi 4 kwa siku. Manane yaliyookolewa ni karibu trei moja kila siku nne, na hiyo ilifidia sehemu ya bei, si yote. Nilimwonyesha hesabu. Aliitazama, akasema, "Shemeji, ungeniambia tu kwamba nitapata hasara ndogo, ningekuelewa."

Kijana wa chipsi alirudi mwezi Agosti, akajaribu trei moja kwanza, kisha mbili. Mama wa keki hakurudi. Alishapata mtu wa Ujiji mwenye viini vya njano. Ziwa lilifunguliwa tarehe 15, na kabla ya mwisho wa mwezi dagaa walijaa Kibirizi, wazuri, wakavu, bei ya chini. Shemeji alinipigia akiwa palepale mwaloni, nasikia kelele za wachuuzi nyuma yake, akiuliza kama anaweza kuandika 10 badala ya 5. Nikamwambia kwa kuku wale wekundu, hapana. Akakata simu. Magunia manne yaliyobaki ya dagaa waliochacha aliyamwaga kwenye matuta ya mchicha nyuma ya banda, na kwa wiki nzima majirani walifunga madirisha.